Mkono wa Mama

Jumatatu, 6 Oktoba

Mkono wa kulia wa kaka yangu Muigai hautarudi. Amesema Dianah, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, leo asubuhi hapa Thika, akiwa amesimama mlangoni na faili kifuani. Nilimwuliza kama maana yake ni haurudi kwa sasa au haurudi kabisa.

"Kabisa, Madam Ngendo. Mguu ataukokota. Maneno yatakuja machache machache. Mkono, hapana."

Nilimshukuru. Katika kazi yangu ya gazeti nimezoea watu wanaojibu swali lililo jirani na lile nililouliza.

Muigai alikuwa kitini, anasikia yote. Mkewe, Waruguru, alifariki Desemba iliyopita. Yeye kiharusi kilimwangusha Juni, shambani kwake Ngoliba. Kabla ya hapo alikuwa mpiga kodiani wa mwomboko, ngoma yetu ya wazee: hatua mbili, goti linakunjwa, hatua mbili tena. Alipiga harusini, sokoni, na kwenye mikutano ya wanasiasa waliosahau jina lake kabla vumbi halijatulia. Kodiani yake ya zamani ililiwa na panya wakati amelazwa.

Nilipokuwa nikimrudisha Ngoliba alisema neno moja tu, njia nzima. "Kodiani." Kisha akainua mkono wa kushoto na kuchezesha vidole.

Jumatano, 8 Oktoba

Mawingu tangu asubuhi. Hayakutoa kitu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimempata fundi. Anaitwa Nzioki, Mkamba wa makamo, ana chumba nyuma ya duka la mabati huko Mwihoko, Ruiru. Anatengeneza vinanda vya makanisa, lakini kodiani anaziunda mwenyewe tangu ubao wa kwanza. Kuna msumeno, gundi, vipande vya ngozi, na kopo la ndimi za shaba, zile zinazotoa sauti hewa inapozipita. Alichukua ulimi mmoja, akauweka mdomoni, akapuliza. Ukalia kama mbuzi mdogo.

Nikamwuliza kama kodiani inaweza kupigwa na mtu wa mkono mmoja.

"Inaweza. Upande mmoja nafunga kwa mwili na mshipi, haisongi. Vitufe vyote naweka upande ya ule mkono mzima. Ndio itavuta, ndio itasukuma, ndio itabonyeza. Itakuwa na kazi mingi, lakini inaweza."

Nikafungua mdomo kumweleza hali ya kaka yangu. Akanizuia kwa kiganja.

"Usiniambie, Madam. Mimi sichukui kipimo kwa mtu wa pili. Watu wa nyumbani wananiambiaga mambo, halafu kazi narudia. Nipatie mzee mwenyewe kwa simu."

Sikuona ubaya. Hata mimi sinukuu mtu kupitia kwa jirani yake.

Jumapili, 12 Oktoba, Ngoliba

Tumempigia Nzioki. Niliweka simu kwenye spika, juu ya goti la Muigai. Naandika maneno kama yalivyosemwa.

"Mzee, habari ya huko? Mvua iko?"

"Bado."

"Itakuja. Sasa, niambie. Mkono gani ndio ilikufa?"

Muigai aliutazama mkono wake wa kulia, uliolala pajani na kiganja juu. Kisha akatazama kigoda kilicho upande huohuo, karibu na kiti chake. Hakikaliwi na mtu.

"Ya mama."

"Ya mama?"

"Ya mama."

"Sawa mzee, nimekupata. Sasa mtu anichoree ile nzima kwa karatasi."

Hapa nyumbani kila mtu anajua maana yake. Mama ni Waruguru, Mama Kinuthia. Kwa miaka yote ya ndoa yao alikaa kuume kwa mumewe, kwenye kigoda hicho, akigonga karing'aring'a, ile pete kubwa ya chuma inayosindikiza kodiani. Upande wa kulia ni upande wa mama. Muigai hata dukani alikuwa akisema hivyo: chumvi iko upande ya mama. Nilishangaa tu kwamba Nzioki amemwelewa upesi vile, bila kuuliza mama ni nani.

Nilichukua karatasi nyeupe, nikalaza mkono wake mzima juu yake na kuuzungushia kalamu. Kidole cha mwisho kilikuwa kinatetemeka, nikakirudia. Chini nikaandika jina lake na tarehe ya leo. Karatasi itaenda na mtu wa pikipiki kesho.

Kavindu, jirani anayemwangalia Muigai, alikuwa shambani akipanda ndengu kwenye udongo mkavu. Alirudi tulipokuwa tumemaliza.

"Madam wa gazeti, hata mtu mgonjwa unamhoji?"

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua Thika, nusu saa. Ngoliba hakuna. Kavindu kwa simu: "Inatuchungulia tu kama mtu amekopa."

Jumatatu, 20 Oktoba

Kinuthia, mtoto wa Muigai, amepiga kutoka Juja. Ibada ya ukumbusho wa mama yake itakuwa Jumamosi ya tarehe 13 Desemba, nyumbani, na siku hiyo jiwe litawekwa kaburini. Anapanga programu.

"Auntie, mambo ya muziki nimesort. Tutaweka spika, gospel kidogo, watu wakule."

"Baba yako atapiga kodiani."

"Auntie. Si uwe serious."

"Kuna fundi anaiunda."

"Kwa mkono gani?"

"Ule ulio mzima."

Alicheka, si kwa ubaya. Alisema atamwachia baba nafasi kwenye programu, lakini spika itakuwepo. Akaniuliza kama Buda, yaani baba yake, mwenyewe anajua. Nilimwambia Buda ndiye aliyeanza.

Jumamosi, 25 Oktoba

Ruiru. Sanduku la mvule liko mezani, limelala kifudifudi na mbao zake bado hazijaunganishwa. Nzioki alikuwa anakwaruza ulimi wa shaba kwa tupa ndogo, anapuliza, anakwaruza, anapuliza. Karatasi yangu ya mkono ameibandika ukutani kwa msumari.

Nilimwuliza kama vitufe viko upande unaofaa.

"Vile mzee alisema."

Nikaandika: vile mzee alisema.

Jumapili, 2 Novemba, Ngoliba

Mvua imefika. Ilianza tukiwa kanisani na tukasubiri huko mpaka saa nane. Kavindu alivua viatu akakimbia kwenda kuona ndengu zake, mama mzima, huku akipiga kelele.

Muigai hali wala halali vizuri. Nikamwuliza nini kinamkosesha usingizi, akaonyesha dirisha kwa kidevu. Jiwe la Waruguru litawekwa hapo, chini ya miti ile ya mibono. Mara mbili amejaribu kuimba wimbo wake. Hauna maneno wala jina, watu huuita "ile ya Ngoliba". Sauti yake inakwenda kidogo, inakatika, anakunja uso. Kavindu anasema kila asubuhi yuko hivyo. Anataka kuupiga siku ya jiwe. Hajasema, lakini sioni kitu kingine anachongojea.

Huwa nawaambia vijana wa gazeti waandike jambo lilivyo, kwa hiyo naandika: Waruguru hakuwa mwanamuziki. Aligonga chuma. Wimbo ni wa Muigai, na kama vidole vyake vya kushoto vitajifunza, utarudi.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Habari ya daraja la Ndarugu, aya sita.

Jumapili, 9 Novemba

Nzioki ameahirisha. "Madam, gundi imelala. Hewa iko na maji, ngozi inakunywa. Nikifunga sasa itapasuka mbele ya watu."

Nimesikia wakandarasi wakilaumu mvua tangu nianze kazi hii. Nilimwambia hivyo.

"Sasa kuja ushike ngozi yangu, halafu uandike," akasema, akakata simu.

Jumanne, 11 Novemba

Nilikwenda. Nikaishika. Ilikuwa na maji. Nikamwomba radhi, akanipa kigoda na chai ya tangawizi. Alikuwa amewasha jiko la makaa katikati ya chumba na kulizungushia mikunjo ya ngozi ya kodiani, kama mtu anayeota moto na watoto wake. Akaniuliza mzee ni mtu wa namna gani. Nilisema ni mkaidi. Akauliza na mkewe? Nilisema alikuwa mtu mtulivu.

"Wale ndio wanabeba wimbo," akasema.

Sikuliandika palepale kwake. Naliandika sasa usiku kwa sababu limenikaa.

Ijumaa, 14 Novemba

Dianah: mguu umepata nguvu kidogo. Mkono, vilevile.

Jumamosi, 22 Novemba, Ngoliba

Kodiani imefika. Nitaeleza kwa mpangilio.

Nilimchukua Nzioki Ruiru. Alikuwa amevaa koti la suti na kodiani ameifunga kwa blanketi, akaipakata safari nzima. Barabara ya Ngoliba ilikuwa tope, tukaacha gari penye mteremko tukatembea. Hakuruhusu nimsaidie kubeba.

Muigai alikuwa amenyolewa. Kavindu alimkalisha kwenye kiti chake mlangoni, kwenye mwanga. Kigoda kilikuwa kuliani kwake, karing'aring'a iko juu ya msumari ukutani, mahali ilipokaa tangu Desemba.

Nzioki alifungua blanketi. Mvule umeng'arishwa mpaka unaona uso, mikunjo ya ngozi nyekundu, vitufe vyeupe vya mfupa. Nimeona vitu vingi vikizinduliwa, vingine na mawaziri. Hiki kilistahili. Muigai alitoa sauti isiyo neno.

Kisha Nzioki akapiga magoti amfunge mshipi. Akauchukua mkono wa kushoto wa Muigai kwa mikono yake miwili, polepole sana, kama mtu anavyoshika mkono usio na uhai ili usianguke. Mkono ule ukamshika, ukamsalimia.

Nzioki akautazama. Akautazama ule mwingine pajani.

"Mzee," akasema. "Si ulisema ya mama?"

"Ya mama," akasema Muigai, na kidevu chake kikaelekea kuume, kwenye kigoda.

Hapo nikaelewa, nadhani sote kwa wakati mmoja. Kavindu alikuwa mlango wa jikoni na sinia ya chai. Alicheka, kisha akajifunika mdomo.

"Woi, Nzioki! Wewe ulisikia Kikamba. Mzee alikuwa anaongea Waruguru."

Kwa Wakamba, mkono wa kuume ni wa wanaume na wa kushoto ni wa wanawake. Kavindu, naye Mkamba, anasema hata mtoto anajua. Nzioki alisikia "ya mama" akaelewa kushoto ndiko kumekufa. Karatasi yangu haikumsahihisha: mkono wa kushoto uliochorwa, ukiigeuza karatasi, ni wa kulia. Nilikuwa nimeandika jina na tarehe. Hata Kiswahili cha vitabu kinasema mkono wa kuume, na nimeliandika neno hilo maisha yangu yote bila kuuliza wa kike unakaa wapi.

Kwa hiyo kodiani nzuri kuliko zote nilizowahi kuona imeundwa kwa ajili ya mkono ambao kaka yangu hana. Vitufe viko kulia. Kushoto kuna mshipi wa kufunga kiungo kilichokufa.

Nzioki alibaki amepiga magoti. Nilimwuliza kuigeuza kutachukua muda gani. Wiki nne, akasema, kama jua litatoka. Ndimi zote zitang'olewa, mbao zikatwe upya. Tarehe 13 itakuwa imepita. Aliniambia hayo akiangalia sakafu. "Nisamehe mzee. Nilikataa kuambiwa na huyu dada yako. Ningekubali tu."

Muigai hakuwa anamsikiliza. Aliushika mkono wake wa kulia kwenye kifundo, kwa ule wa kushoto, akauinua na kuulaza juu ya vitufe. Ukateleza. Akauinua tena. Ukateleza. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyejua kama kumsaidia ni heshima au dharau. Aliendelea mpaka alipochoka. Kisha akauacha uning'inie.

Upande wa kulia wa kodiani ulikuwa unaanguka kutoka kwenye goti lake. Nikaenda kuushikilia, na njia ya kuushikilia ilikuwa ni kukaa kwenye kigoda. Nikakaa.

"Toka hapo."

Sentensi nzima, safi, haina kigugumizi. Tangu Juni sijamsikia akisema sentensi. Nikatoka. Nzioki aliweka blanketi lililokunjwa chini ya kodiani ili isianguke, akarudi nyuma hadi ukutani.

Muigai alifungua ule mshipi kwa meno. Akapitisha mkono wa kushoto mahali mkono wa kushoto ulikopita miaka yote. Nzioki alikuwa ameacha kitufe cha pumzi mahali pake pa kawaida, kwenye gumba la kushoto. Ni kile kinachoruhusu hewa kupita bila kugusa ndimi. Katika kodiani hii hakikuwa na kazi, alikiacha kwa mazoea ya fundi. Gumba likakipata lenyewe.

Akavuta. Hewa tupu, kama mtu aliyelala. Akasukuma. Akavuta, akasukuma, akasimama kidogo. Akavuta, akasukuma, akasimama. Nilidhani anachoka.

Kavindu aliweka sinia chini. Mguu wake ulikuwa umeanza, hatua mbili, goti, bila yeye kuuambia.

"Ni ile ya Ngoliba," akasema. "Sikieni. Pale anasimama ni pa chuma. Anamngojea."

Niliangalia karing'aring'a ukutani. Kila aliposimama, palikuwa na nafasi ya ukubwa wake kamili. Wimbo ule niliuimba mimi mwenyewe, kichwani, na sikuuimba vizuri.

Alipiga hivyo mpaka mwisho. Akaifunga mikunjo. Akalia kwa upande mmoja wa uso, kwa sababu upande mwingine hauwezi.

Nzioki alikataa chai.

Jumapili, 23 Novemba

Marekebisho. Tarehe 2 Novemba niliandika kwamba Waruguru hakuwa mwanamuziki. Si sahihi.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua kubwa. Nzioki amepiga simu mara tatu, mara zote kuuliza kama mzee amekula.

Jumapili, 30 Novemba, Ngoliba

Ndengu za Kavindu zimefika magotini. Anajisifu kwa kila apitaye. Kuhusu lile jambo la simu hajanisamehe bado. "Mngeniita tu nikiwa pale kwa shamba. Madam amesoma, fundi anajua ngozi, na mimi niko mita ngapi hapa na jembe. Lakini mliona mimi ni wa ndengu."

Nikamwuliza kama nimnukuu.

"Niandike na picha," akasema.

Muigai anapiga kila asubuhi, hewa tu. Nilimwuliza kama Kavindu agonge chuma, maana anajua mahali pake. Akatikisa kichwa. Nikauliza kama Kinuthia agonge, ni mama yake. Akatikisa tena. Chuma kitabaki msumarini.

Jumapili, 7 Desemba, Ngoliba

Nzioki amepiga, nikaweka simu kwenye goti la Muigai kama siku ile. Safari hii Kavindu alivuta kiti akakaa karibu, mikono kifuani, kama hakimu.

"Mzee, ibada ikiisha nakuja kuichukua. Nitaigeuza. Kufika Januari itakuwa ya mkono yako."

"Wacha."

"Sitaki kitu, mzee. Ni makosa yangu."

"Wacha." Alipumzika, akatafuta. Tulimngoja. "Iko... upande yake."

"Mzee, hiyo nimeelewa?" Nzioki akauliza. Safari hii aliuliza.

"Ameelewa," Kavindu akamjibu. "Nimemwangalia mzee uso. Umeelewa."

Baadaye nilimsogezea Muigai daftari la mazoezi ambalo Dianah alimpa, ajaribu kuandika kwa kushoto. Akalisukuma. Nilidhani kwamba kodiani ikigeuzwa, vidole vya kushoto vingejifunza wimbo. Sasa sidhani. Vilijua kupumua tu. Sauti ilikuwa kwenye mkono ule mwingine, na mahali pa kukata sauti palikuwa kwa Waruguru. Hata Nzioki angesikia vizuri siku ile, tungefika hapahapa, labda na kodiani ambayo Muigai asingeishika.

Simwambii Nzioki hili. Angeona namfariji, na si hivyo.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua imekatika. Jiwe limefika Ngoliba na limefunikwa kwa gunia. Kinuthia amekuja ofisini Thika na programu ya kuchapishwa. Alimsikia baba yake jana.

"Auntie, hiyo si muziki. Ni pumzi."

"Ndiyo."

"Watu wataona ameshindwa. Wengine watacheka."

"Wale wa rika lake hawatacheka. Walicheza huo wimbo."

Alikunja programu, akaikunjua. Ana mikono ya mama yake, mipana kwenye vifundo. "Saa zile anasimama," akasema, "nilitaka kuenda kugonga ile kitu. Nikashindwa kuinuka."

"Amekataa igongwe."

"Najua. Nilimuuliza." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Niandike aje hapa?"

Nilimwambia aandike jina la mzee na neno kodiani, asiongeze kitu. Akaandika. Spika ameifuta mwenyewe, sikumwomba.

Ibada ni Jumamosi, tarehe 13 Desemba, saa nne asubuhi, nyumbani kwa Muigai, Ngoliba. Jiwe kwanza, kodiani baadaye. Kigoda kitakuwa mahali pake na hakuna atakayekikalia; Kavindu amesema atasimama karibu nacho kuhakikisha. Nzioki amethibitisha kwa simu jioni hii kwamba atafika saa mbili, kabla ya watu, na kwamba hatabeba bisibisi.